Msamiati wa Kiingereza wa ndani zaidi: kukariri orodha kumenishinda, nishike njia ipi?

Mwongozaji_Karatu

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii, naishi Karatu, huu ni mwaka wa nne nipo barabarani. Nina swali la Kiingereza, na ningependa nieleweke tangu mwanzo kwamba changu si Kiingereza cha kuombea maji. Naongea na wageni kuanzia chai ya asubuhi mpaka wanapoingia kulala. Naeleza njia za nyumbu, naeleza Wamasai na ng'ombe wao, namtuliza mgeni gari linapozama kwenye udongo mweusi wa Ndutu. Kueleweka naeleweka.

Kinachoniumiza ni kwamba maneno yangu ni machache na yamechakaa. Kreta ya Ngorongoro ni "beautiful". Chui ni "beautiful". Jua likizama ni "very beautiful". Tembo ni "big", mbuyu wa Tarangire ni "big", na dhoruba inayotoka upande wa Serengeti nayo ni "big". Ikifika siku ya tatu ya safari najisikia mwenyewe nikizunguka pale pale. Na kazi yangu ni maneno, jamani. Mnyama kila mtu anamwona kwa macho yake. Mimi nimeajiriwa niseme lile ambalo macho peke yake hayalioni.

Februari nilikuwa Ndutu na mume na mke, watu wazima, wote wamestaafu. Alfajiri tukamkuta mondo, yule paka mwitu mwenye miguu mirefu, kando ya njia, amesimama kwenye nyasi, masikio yamesimama wima. Yule mama akaniuliza taratibu: "Are they crepuscular?" Wakuu, mondo namjua. Namjua anavyotoka alfajiri na jioni jua likielekea kuzama, namjua anavyosikiliza panya chini ya nyasi, anavyoruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Jibu nilikuwa nalo lote. Swali ndilo sikulielewa. Nikaitikia "yes", na mama akaandika kwenye daftari lake. Usiku nikatafuta maana nikakuta ni mnyama anayetoka alfajiri na jioni, kwa hiyo nilichoitikia ni kweli, lakini niliitikia kitu nisichokijua mbele ya mtu aliyeniamini, na hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Nikaamua kusoma. Nikapakua orodha ya maneno magumu 1,000, nikanunua kaunta buku, nikawa nakariri maneno 20 kila siku kwa wiki sita. Nilikariri kwenye foleni ya geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro, nilikariri wageni wakila chakula cha mchana. Sasa hivi nikifunga daftari, katika maneno zaidi ya 800 yamebaki labda 30. Na moja nililolishika vizuri, "pulchritudinous", nililisema pale juu kwenye ukingo wa kreta nikimaanisha kuwa mandhari ni nzuri sana. Mgeni akanyamaza, kisha akanieleza kwa upole kwamba neno hilo husemwa zaidi kuhusu uzuri wa sura na umbo la mtu, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kulisikia likitamkwa na mtu yeyote.

Naomba mnisaidie. Nichague maneno kwa kipimo gani? Yakishaingia nayashikaje yasitoke? Na nitajuaje kwamba hili ni la kusema na hili ni la kusoma tu? Sitafuti kuonekana msomi. Nataka nikimwona mnyama anafanya jambo, niwe na neno la jambo lile.

---

Mpenda_Wepesi

Mkuu, mimi nipo mapokezi ya hoteli Nungwi, nusu ya wageni wangu ni Waitaliano, Wapolandi na Wafaransa. Ushauri wangu ni mmoja: ongea Kiingereza chepesi. Ukimwambia Mwitaliano "crepuscular" umempoteza. Mwambie anatoka asubuhi na mapema na jioni, basi. Maneno magumu yanamfurahisha anayeyasema, anayeyasikia anachoka. Hao wazee wako wawili wana daftari. Wengine wote wanataka picha ya simba na chakula kwa wakati.

---

Baba_wa_Lerai

Mdogo wangu wa Karatu, swali lako limenigusa kwa sababu njia hiyo nimepita. Mimi nilianza kama msaidizi wa mpishi kwenye kempu za mahema, nikaosha masufuria misimu mitatu kabla sijashika usukani. Kiingereza changu chote nimekiokota garini.

Nikwambie siku nilipofunguka. Tulikuwa ndani ya kreta, pembeni ya msitu wa Lerai, na kifaru alikuwa ametoka kidogo kwenye miti. Nikawaambia wageni, "The rhino is eating grass." Nyuma yangu alikaa mzee mmoja, mfugaji wa kondoo kutoka New Zealand, ameshika darubini. Akasema, "He's browsing, isn't he?" Mimi "browse" nililijua la kwenye simu tu, la kupekua mitandao. Nikamwomba anieleze. Akanipa darubini akaniambia tazama mdomo wa juu. Nikatazama: umechongoka kama ndoano, unashika kijiti cha kichaka, unakivuta, unakikata. Nyasi zilikuwepo miguuni pake na hakuzigusa. Mzee akasema, anayekula nyasi "grazes", anayekula majani ya miti na vichaka "browses".

Mdogo wangu, nilikuwa nimemwona kifaru yule mara ngapi? Na nilikuwa nawaambia watu anakula nyasi! Neno lile lilinirudisha kwenye mnyama nikamtazama upya. Tangu hapo nilianza kuwagawa wote: nyumbu na pundamilia ni wa "graze". Twiga ni wa "browse". Kiboko mchana yuko majini, usiku anapanda nchi kavu, naye ni wa "graze". Tembo ana yote mawili, mvua zikinyesha anavuta nyasi, kiangazi kikishika anageukia matawi na magome. Swala twiga anasimama kwa miguu ya nyuma afikie majani, "browse" tupu. Ukiwa na maneno hayo mawili unaweza kumweleza mgeni kwa nini wanyama wote hawa wanaishi uwanda mmoja bila kunyang'anyana chakula. Kwa "eat" peke yake huwezi.

Kwa hiyo kipimo changu ndicho hicho: neno lionyeshe kitu ambacho neno la kawaida linakificha. "Pulchritudinous" haionyeshi chochote ambacho "beautiful" haikukionyesha. "Browse" inaonyesha mdomo wa kifaru.

Halafu anza na vitenzi. Vijana wengi wanakimbilia sifa, "magnificent", "spectacular", "breathtaking", na baada ya mwaka hizo nazo zinachakaa kama "beautiful" ilivyochakaa. Fisi akikimbia hana haraka, mabega juu, mwendo ule ule kilomita kwa kilomita: hapo anasema Mwingereza "lopes". Ngiri na mkia wake juu kama antena, "trots". Simba jike akijikunja chini ya nyasi, hatua moja, anasubiri, hatua nyingine, "stalks", na sisi tunalo letu zuri kabisa, ananyemelea. Tai akipanda juu bila kupiga bawa, "soars". Sema hivyo na uache sifa. Mgeni mwenyewe atasema "beautiful".

Makundi nayo. Simba ni "pride", na hilo limo kwenye kitabu cha uwindaji kilichochapishwa Uingereza mwaka 1486, kwa hiyo ni neno lenye umri. Mbwa mwitu ni "pack", fisi ni "clan", duma madume wanaotembea pamoja ni "coalition". Haya hata watafiti wanayatumia. Lile la pundamilia, "dazzle", na la twiga, "tower", wageni wanayapenda na mimi nayasema nikitaka wacheke, lakini nawaambia wazi kwamba kwenye ripoti za utafiti atakuta "herd".

Matamshi usiyadharau. Maneno ya namna hii unayaona kwenye maandishi kabla ya kuyasikia, na herufi zinadanganya. Vilima vya mawe vya Serengeti vinaandikwa "kopje" na vinatamkwa kama kopi ya karatasi. "Gnu", yaani nyumbu, g yake haisikiki. Mimi neno jipya silitoi mdomoni mpaka nimelisikia kwa watu watatu tofauti, au nimelisikiliza kwenye kamusi ya simu, ile yenye alama ya spika, mara nyingi mpaka ulimi ukubali.

Na kushika: kila wiki chukua mnyama mmoja tu. Wiki ya tembo, kwa mfano. Maneno matano ya tembo, yasizidi. Kila tembo utakayemkuta wiki hiyo, yaseme. Mnyama mwenyewe ndiye atakayekukumbusha.

La mwisho nawauliza wanaojua. Mwaka fulani Novemba, mvua za vuli ndiyo kwanza zimegusa vumbi, tulikuwa tunateremka kuelekea Oldupai, wageni wote wakatoa vichwa juu ya paa wakivuta harufu. Mmoja akasema "petrichor". Neno hilo limetoka wapi?

---

Bi_Mkufunzi_Tanga

Wanangu, nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 31 na sasa nimepumzika nyumbani Tanga. Mjadala huu umenifurahisha kuliko mengi niliyosoma mwezi huu, nitaandika marefu kidogo mnivumilie.

Nianze na la mvua. "Petrichor" lilitungwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili waliokuwa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliokuwa wakichunguza harufu inayotoka kwenye ardhi kavu mvua inapoigusa. Walichukua Kigiriki: "petra" ni jiwe, na "ichor" ni majimaji ambayo katika hadithi za Wagiriki yalitiririka kwenye mishipa ya miungu badala ya damu. Damu ya miungu iliyomo kwenye jiwe. Ukimwambia mgeni hivyo huku amevuta harufu yenyewe puani, Baba wa Lerai, neno hilo hatalisahau, wala wewe.

Sasa nirudi kwa mwanangu wa Karatu. Wiki zako sita hazikupotea na kichwa chako hakina kasoro. Kilichokosea ni ile orodha. Maneno 1,000 yamepangwa hapo bila ujamaa wowote kati yao, kila moja mgeni kwa mwenzake, na wewe ukawa unayabeba moja moja kama mtu anayehamisha matofali kwa mkono. Maneno yana koo.

Chukua "gregarious", utalihitaji kwa nyani na nyumbu: mnyama anayependa kukaa kundini. Ndani yake kuna neno la Kilatini "grex", kundi la mifugo, ambalo likinyambuliwa huwa "greg-". Ukishaliona, tazama jamaa zake: "congregate", kukusanyika kundi moja, "congregation", ule mkusanyiko wa waumini kanisani, "segregate", kutengwa na kundi, "aggregate", kujumlisha kundini. Umelipia neno moja ukapewa manne. Ni kama mtoto wa Kiswahili anayejua "lima": humfundishi tena mkulima, kilimo, limisha, limika. Anaona mzizi, anajua. Kwa wanyama wako mizizi inayohitajika si mingi. "-vore" ni mlaji: "carnivore" wa nyama, "herbivore" wa majani, "insectivore" wa wadudu, "omnivore" wa vyote. "Nocturnal" ana usiku ndani yake, "diurnal" ana mchana, na "crepuscular" ana "crepusculum", ule mwanga hafifu wa jua kuzama au kuchomoza.

Na hapa, mwanangu wa Nungwi, nakupinga kwa mapenzi. Mwitaliano hapotei kwa neno hilo. Kwao mwanga ule wa jua kuzama huitwa "crepuscolo", Mfaransa anasema "crépuscule", Mhispania "crepúsculo". Ni neno lao la kila siku! Anayeweza kupotea ni Mwingereza asiyesoma sana. Maneno mengi ya Kiingereza tunayoyaita magumu ni ya Kilatini na Kifaransa, na kwa nusu ya wageni wenu ndiyo mepesi zaidi.

Sababu ni historia. Mwaka 1066 Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wakaongea Kifaransa huku mkulima akibaki na Kiingereza chake. Ndiyo maana mnyama akiwa malishoni ana jina la mchungaji, "cow", "sheep", "pig", na akifika mezani ana jina la bwana anayekula, "beef", "mutton", "pork". Baadaye wasomi wakaongeza Kilatini juu yake. Kwa hiyo Kiingereza kina ghorofa tatu, na jambo moja mara nyingi lina jina kwenye kila ghorofa: "ask" ni la nyumbani, "question" ni la Kifaransa, "interrogate" ni la Kilatini. "Fear", "terror", "trepidation". "Kingly", "royal", "regal".

Msione ajabu, sisi nasi tunayo. Kuuliza, kuhoji, kusaili. Mama hamsaili mwanawe amekula nini. Anamuuliza. Polisi anamhoji. Ofisi inamsaili anayeomba kazi. Maana zinakaribiana lakini kila neno lina nyumba yake, na Mswahili anajua bila kufundishwa kwamba ukilitoa kwako ukalipeleka kwa jirani, watu watageuka kukutazama. Ndicho kilichokukuta ukingoni mwa kreta, mwanangu. Neno ulilijua maana, hukuijua nyumba yake. Kamusi ya maana peke yake haitakwambia nyumba. Tafuta kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile ya wanafunzi yenye sentensi za mifano, na usome sentensi tatu kabla ya kusoma maana. Sentensi ndizo zinazoonyesha neno linaishi na nani.

Kuhusu kusahau: Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aliona kwamba tunachojifunza kinatoroka haraka sana saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua, na kila ukirudia kabla hakijatoka chote kinakaa zaidi. Kwa hiyo maneno 20 ya leo yasiporudiwa kesho ni maji kwenye pakacha. Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, mwaka 1972 akaeleza njia ya visanduku ambayo niliitumia darasani kwa maboksi ya viatu. Neno upande mmoja wa kadi, sentensi upande wa pili. Kadi zote zinaanza sanduku la kwanza, la kila siku. Ukijibu sawa inahamia la pili, la kila siku ya tatu, halafu la tatu, la kila wiki. Ukikosea, kadi irudi la kwanza hata kama ilikuwa imefika mbali. Siku hizi zipo programu za simu zinazofanya hesabu hiyo, lakini kadi za manila unakata mwenyewe kwa mkasi, na mkono nao unakumbuka.

Kwenye kadi usiandike tafsiri. Andika mahali ulipolikuta. Kadi yako ya kwanza iwe hivi: "crepuscular", na nyuma: mondo, Ndutu, alfajiri, yule mama na daftari. Uliona aibu, najua. Basi aibu hiyo itumie. Nimewaona wanafunzi wengi, na neno lililomchoma mtu siku moja ndilo alilolibeba mpaka uzeeni.

Na kwa kuwa tunazungumzia harufu: usifikiri wenye utajiri ni wao tu. Sisi wa pwani tuna shombo, ile harufu ya samaki inayobaki mkononi hata ukinawa. Tuna uvundo, tuna ukoko wa sufuria na harufu yake. Mwambie mgeni akutafutie neno moja la Kiingereza la shombo, moja tu, si mawili.

---

Mfasiri_Nairobi

Hamjambo. Naongeza machache kutoka upande wa kazi ya tafsiri, maana mwalimu amemaliza mengi.

Kabla ya maneno adimu, hakikisha ghorofa ya kati imejaa. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno (familia ni neno pamoja na jamaa zake wa mzizi mmoja) yanayojirudia sana katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali: "adapt", "decline", "sustain", "range", "factor". Hayana mbwembwe, lakini mwongozaji anayekosa "decline", kupungua, atapata shida kueleza habari za faru zaidi ya anayekosa "crepuscular". Orodha hiyo inapatikana bure. Hukariri. Unapitia ukiweka alama palipo na pengo.

Na mwenzake, Paul Nation, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza kwa raha kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, kiasi kwamba katika kila maneno 100 usiyoyajua yasizidi mawili. Zaidi ya hapo unakisia bila mwanga. Kwa hivyo soma kitu kilicho karibu na uwezo wako, usijitupe kwenye kitabu ambacho kila mstari una kikwazo.

Jambo la pili ni maneno yanayotembea pamoja. Mvua kubwa kwa Mwingereza ni "heavy rain". Chai kali ni "strong tea". Ukisema "strong rain" ataelewa, ila sikio lake litastuka. Ukiandika kadi, usiandike neno likiwa peke yake, liandike na rafiki yake. Si "carcass", mzoga, tu: "the vultures stripped the carcass".

---

Mpenda_Wepesi

Mwalimu, shikamoo. La Mwitaliano nimelikubali, leo asubuhi nimemuuliza mgeni mmoja wa Milano na amesema "certo, crepuscolo", akaonyesha bahari kwa mkono. Ila nabaki na langu moja: neno zuri liende na maelezo mafupi nyuma yake, watoto wa wageni nao wanasikiliza.

---

Mwongozaji_Karatu

Shikamoo mwalimu. Shikamoo Baba wa Lerai. Wengine wote asanteni, nilichelewa kurudi kwa sababu nilikuwa na safari ya siku nane, na nilitaka nijaribu kwanza kabla ya kushukuru.

Kadi nilikata 25 kwa karatasi ya manila, nikaweka kwenye maboksi matatu ya viatu nyumbani, na zile za kila siku natembea nazo mfuko wa shati. Nikachukua wiki ya twiga. Maneno yangu matano: "browse", "gait" (namna ya kutembea), "prehensile", "ossicones" (vile vipembe vya kichwani mwa twiga), "ruminate" (kucheua).

Siku ya pili, Tarangire, twiga dume alikuwa kwenye mgunga umbali wa mita kama kumi. Sikuongea kwanza. Nilizima gari. Baadaye nikawaambia wautazame ulimi, jinsi unavyozunguka kijiti kati ya miiba, na kwamba ulimi unaoweza kushika kama mkono unaitwa "prehensile". Binti wa miaka kumi hivi akaniuliza kama mkia wa tumbili nao ni "prehensile". Nikamjibu wa hapa kwetu hapana, wenye mikia inayoshika matawi wako Amerika ya Kusini na ya Kati. Mpenda Wepesi, mtoto alilichukua neno kabla ya baba yake. Kutwa nzima kila mnyama anauliza ana kitu gani "prehensile", na tembo tulipomkuta akapiga kelele mwenyewe: "The trunk!"

Kisha twiga akaanza kutembea. Hapo nikaona kitu ambacho kwa miaka minne kimepita mbele yangu. Miguu ya upande mmoja inaondoka karibu pamoja, kisha ya upande wa pili, ndiyo maana anaonekana kama anayumba polepole. Nikasema watazame "gait" yake. Nilikuwa nimeliandika neno kwenye kadi bila kujua nitalitumia wapi, na kumbe neno ndilo lililonifanya niitazame miguu.

"Ruminate" nililisema vibaya, nikaweka mkazo mwishoni. Mgeni akalirudia kwa usahihi bila kunikatisha, nikalirudia na mimi. Kadi hiyo nimeirudisha sanduku la kwanza kama mwalimu alivyoagiza.

"Beautiful" nimehesabu. Siku ya kwanza nililisema mara tatu, siku ya tano sikulisema kabisa mpaka jioni. Jua lilipokuwa linazama Naabi nikalisema mara moja, na safari hii lilikuwa na uzito.

Siku ya kurudi tulipita sokoni Mto wa Mbu. Kwenye meza za samaki mama mmoja muuzaji alikuwa anaparua, na mgeni wangu akamshika mkono kumsalimia, kisha akanusa kiganja chake. Nikamuuliza kama Kiingereza kina neno moja la harufu ile. Akafikiri, akamuuliza mkewe, wakakubaliana "fishy smell", nikawaambia hayo ni mawili. Wakatafuta tena mpaka tumefika kwenye gari, hawakulipata. Nikawapa shombo, nikawaandikia herufi kwa herufi.